Choo Alichokisifu Bwana Afya

Wiki iliyopita mjukuu wangu alianza kupaka chokaa ukuta wa uani, na mimi nikashindwa kula chakula cha mchana. Si kwamba nilikuwa mgonjwa. Harufu ya chokaa mbichi inayoloweshwa hunirudisha katika ua mmoja mdogo wa Tunduma, enzi za Mwingereza, na nikishafika huko huwa sirudi upesi. Mjukuu alidhani nachukizwa na kazi yake. Nikamwambia apake tu, ila mimi nitakaa barazani mbele mpaka ukuta ukauke. Ninaowasimulia ni ninyi mliozaliwa siku zangu na kukanyaga tope la mitaa ile, maana vijana nikiwaambia kwamba mama yangu nusura afe kwa sababu ya heshima, hucheka kabla sijamaliza.

Mtaa wetu ulikuwa nje kidogo ya Tunduma, upande wa chini wa barabara kuu iendayo Rodesia. Zamani palikuwa mashamba ya ulezi tu. Kisha wanaume waliokwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba wakaanza kulala pale wakisubiri malori, wawili leo, kumi kesho. Wengine waliishiwa nguvu wakabaki, wengine wakaoa, wapika pombe wakawafuata wenye kiu, na wauza maharage wakawafuata wapika pombe. Nilipopata akili, mtaa ulikuwa umekwisha kujaa hata nyasi za paa letu zikagusana na za jirani. Mtu akikohoa nyumba ya tatu, tulimwambia pole bila kuinuka kitandani. Ukikaanga kitunguu, kila mtu alijua una kitunguu, na angalau mmoja angekuja kuomba moto ambao hakuuhitaji. Tulikuwa Wanamwanga, Wanyiha, Wandali, Walambya, na Wabemba wa ng'ambo waliovuka kuja kuuza dagaa wakasahau kurudi, na sote tulichota maji katika kijito kimoja kilichopita chini ya mtaa.

Katika ua wetu tulikuwa watu watatu. Baba alikuwa Rodesia, nami nilimjua zaidi kwa barua kuliko kwa sura. Babu, baba yake baba, alikuwa mjane aliyetoka kijijini kuja kutuangalia mpaka mwanawe arudi. Alikaa katika kijumba cha chumba kimoja karibu na njia, akikata matairi mabovu ya malori na kuwatengenezea wasafiri viatu vya katambuga. Mama, Mnyiha wa Hasamba, mwembamba, mwenye mikono isiyotulia, alikaa nami katika nyumba ya pili. Kati ya mlango wa babu na mlango wetu palikuwa na hatua kumi na mbili. Najua kwa sababu nilizipiga mimi, kutwa nzima, kwenda na kurudi.

Nilizipiga kwa sababu babu na mama hawakuwa wakisemezana. Msidhani walikosana. Mnajua heshima ya kwetu: mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawatajani majina, hawali pamoja, na akitokea huyu njiani, yule hugeukia pembeni. Mahali pa haja ndiyo usiseme. Alipoingia baba mkwe, mkamwana haingii kamwe, wala jambo lenyewe halizungumzwi. Kijijini haya yote yalikuwa na nafasi. Nyumba ya mkamwana ilijengwa mbali, njia yake mbali, kichaka chake mbali, na mtu aliweza kuheshimu siku nzima bila kuchoka. Pale mtaani heshima ile ile ilipaswa kuishi ndani ya ua ambao mbuzi akigeuka anagonga ukuta. Kwa hiyo mimi, binti wa miaka saba au minane, nikawa njia yao ya maneno.

"Tabita," mama angesema kutoka jikoni, "mwambie babu yako uji uko tayari."

Babu alikuwa amekaa pale pale, amesikia kila neno. Lakini alisubiri mpaka nikimbie, nipige goti, niseme, "Babu, mama anasema uji uko tayari." Ndipo angeitikia, "Aha! Mwambie mama yako nimesikia." Nami nilirudi kumwambia mama, ambaye naye alikuwa amesikia. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani ndivyo watu wazima wote walivyoumbwa.

Kisha akaja Bwana Afya. Alikuwa kijana Mwafrika wa serikali, mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, kofia ngumu ya jua, baiskeli na daftari. Mfukoni alikuwa na kioo kidogo cha kurushia mwanga wa jua ndani ya mapipa, kutafuta viluwiluwi vya mbu. Alitoa amri kwamba kila ua uwe na choo cha shimo kabla ya mvua, na asiyechimba atajieleza bomani. Wengi walichimba vishimo vya kufukia paka. Babu hakuwa mtu wa kazi nusunusu. Alichimba mpaka kofia yake ikazama, akafunika kwa magogo, akasiriba udongo, akajenga kuta, akaezeka, akatengeneza mlango wa mbao za masanduku wenye bawaba za tairi, na mwisho akapaka chokaa ndani na nje. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Bwana Afya alipofika alizunguka mara mbili, akaingia, akatoka, akavua kofia.

"Mzee," alisema, "tangu nianze kazi hii sijaona choo kisafi namna hii. Hakina nzi hata mmoja! Hiki kitakuwa choo cha mfano."

Na kweli kikawa. Kila Jumatano alikuja kukikagua, na mara nyingine aliwaleta wale wa vishimo vya paka waone wenzao wanavyoishi. Babu alisimama kando, mikono nyuma, akijitahidi asitabasamu.

Sasa sikilizeni jinsi mtoto anavyofikiri. Sikumwona babu akiingia katika kijumba kile cheupe ila kufagia. Sikumwona mama akiingia. Mlango ulifungwa kwa kamba siku zote, na babu aliufungua Jumatano asubuhi tu, akafagia, akaondoa utando wa buibui, akakaa kumsubiri mgeni. Mgeni akafika, akaingia peke yake, akatoka ameridhika. Ningefikiri nini? Niliamua kwamba ile ni nyumba ya Bwana Afya. Tena niliona ni haki kabisa. Vijijini palikuwa na mabanda ya kufikia wakubwa wa serikali, na sisi wa mtaani, kwa kuwa tulikuwa wengi, basi kila ua ulipaswa kumjengea lake. Siku moja nilichungulia, nikaona tundu sakafuni, nikadhani ni shimo lake la kuhifadhia viazi. Niliwahurumia tu watu wa nyua nyingine ambao walimjengea vibaya.

Watu wazima, wao, walikwenda bondeni. Mama aliondoka alfajiri na wanawake wenzake, babu aliondoka baadaye kwa njia nyingine na wazee wenzake, na wote walifika katika vichaka vile vile vilivyo juu ya kijito. Vichaka vyenyewe vilikuwa vikipungua kila mwezi, maana tulivikata kuni. Mvua zilipoanza kunyesha kwa fujo, kila kilichokuwa vichakani kiliteremka kijitoni, nasi tukakichota kwa mitungi na kukileta nyumbani.

Tumbo la kuhara damu likaingia mtaani. Lilianza kwa wapangaji wa karibu na barabara, likashuka nyumba kwa nyumba, na mvua haikuwa imekatika tulipozika watoto wawili wa safu ya nyuma yetu. Watu waliacha kupeana mikono. Lakini hakuna aliyetaka kusema kwake kuna mgonjwa, kwa kuwa uvumi ulikuwa umetangulia: mgonjwa atapakiwa kwenye lori apelekwe karantini, nyumba yake itachomwa moto, na waendao karantini hawarudi. Sijui nani aliyeyaanzisha maneno hayo, ila sote tuliyaamini.

Mama akaugua. Siku ya kwanza alisema ni maharage. Siku ya pili hakusema kitu. Siku ya tatu nilimwona akienda bondeni mara nne kabla jua halijapanda, na mara ya nne alitembea ameshika ukuta. Nilimfuata. Alipofika kando ya kijumba cheupe miguu ilimwisha nguvu, akakaa chini kwenye tope, akaegemea ile chokaa iliyolowa mvua mpaka ikamshika mgongoni mwa kaniki yake. Alikuwa akitetemeka, midomo imempauka. Sikuwahi kumwona mama yangu ameketi kwenye tope, yeye ambaye alinichapa nikikaa hata kwenye vumbi. Nilitazama bondeni, nikaona ni mbali. Nikautazama mlango wa mbao za masanduku, uliokuwa umbali wa mkono.

"Mama, ingia humu tu," nikasema.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Humo si kwangu, Tabita. Heri nife njiani."

Basi nikaelewa. Yaani nilielewa vibaya, lakini sawasawa na nilivyokuwa nimekwisha kuamua: hata mama anajua kwamba ile ni nyumba ya Bwana Afya. Nilimshika kwapani tukaenda bondeni hivyo hivyo, tukipumzika kila baada ya hatua chache, pua yangu iko mgongoni mwake kwenye chokaa.

Nilimpelekea babu habari. Babu, mwanamume wa Kinamwanga ambaye hakuwahi kushika mwiko tangu azaliwe, alipika uji wenye madonge, akauweka kwenye kizingiti cha mama, akakohoa, akaondoka haraka kabla mlango haujafunguliwa. Mchana akapika tena. Nilipomwona anatulia nikamwuliza, "Babu, kwa nini mama asiingie kwenye kile kijumba cheupe?"

Kisu chake kikasimama ndani ya tairi. "Hapo si pangu," alisema, "wala mambo ya mama yako mimi siyaulizi. Na wewe, mtu akikuuliza, mama yuko shambani. Umesikia? Wakijua watamchukua."

Niliona anageuka kutazama barabarani kama anayetazamia lori, nikaogopa kuliko nilivyoogopa kumwona mama kwenye tope. Mtoto huweza kuvumilia mengi mradi mkubwa mmoja ndani ya nyumba haogopi. Kwetu mkubwa huyo alikuwa babu, na sasa sikuwa naye.

Jumanne mama hakuweza kusimama. Jirani yetu Mama Eliya, Mbemba mnene aliyekaa peke yake na wanawe wadogo, aliingia bila kubisha, akainua shuka, akalishusha.

"We mayo, mama wee," alimwambia mama, "unakwisha hivi hivi unatazama."

Mama aligeukia ukutani. Mama Eliya akanitoa nje, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. "Tabita, huyu akiendelea kujikokota kwenda bondeni, Jumapili hatutakuwa naye. Afadhali niseme, maana hapa kila mtu anaficha."

Aliniambia mimi, mtoto, kwa kuwa wakubwa wote walikuwa wamefungwa vinywa. Nilikaa nyuma ya nyumba nikifikiri mpaka kichwa kikauma. Kesho yake ilikuwa Jumatano. Nikaona njia iko moja tu, nayo ni kumwomba mwenye nyumba.

Asubuhi babu alifungua kamba, akafagia, akaondoa buibui, akakaa kwenye matairi yake kama siku zote ili mtu asishuku kitu. Bwana Afya akaja, akaegemeza baiskeli. Kabla hajafika mlangoni nilikuwa nimekwisha kupiga goti mbele yake.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, binti."

"Naomba umruhusu mama yangu aingie nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu? Kwangu wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye choo cha mfano. "Hapa kwako. Ataingia kidogo tu, hatachafua. Na babu atafagia kabla hujarudi Jumatano." Sikuwa nimesema kwamba mama anaumwa, nikajiona mjanja kupita kiasi.

Bwana Afya alicheka, tena kwa sauti. Kisha kicheko kikapungua chenyewe. "Kwani mama yako huwa anakwenda wapi?"

"Bondeni. Lakini sasa hawezi kutembea."

"Na babu yako?"

"Naye bondeni. Kwa njia nyingine."

Kisu cha babu kilianguka chini. Bwana Afya aliingia kwenye kijumba, akauacha mlango wazi, akapiga magoti sakafuni na kofia yake yote, akatoa kile kioo cha viluwiluwi na kurusha mwanga wa jua ndani ya shimo. Alikaa ameinama muda mrefu. Alipotoka, magoti yake yalikuwa meupe.

"Mzee," alisema, "humu hajaingia mtu. Udongo uko kama ulivyouacha. Hata nyasi zilizokudondoka ulipoezeka bado ziko."

Babu alitazama ardhi. Halafu akaonyesha kwa kidevu upande wa nyumba yetu, bila kuutazama.

"Nilimchimbia yeye," alisema. "Mwanangu yuko mbali, na mke wake ni amana yangu. Uwanja ndio huu unaouona, mashimo mawili hayaingii. Sasa mimi ningeingia, yeye angeingiaje? Nikamwachia."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie! Kwa kinywa kipi? Nimtume mtoto huyu akaseme neno la choo kati yangu na mkamwana wangu?"

Kutoka ndani, sauti nyembamba ikaita, "Tabita." Nikakimbia. Mama alikuwa amejiinua kwa kiwiko, machozi yanamshuka pembeni mwa pua. "Mwambie Bwana Afya," alisema, "mimi nilijua ni chake mwenyewe. Mzee mzima amechimba kwa jasho lake, amepaka chokaa, ningeanzaje mimi kuingia? Nilimwachia yeye."

Nilitoka nikayasema yote mbele ya wanaume wawili. Hata nyumba ya tatu hawakukohoa.

Bwana Afya alikaa kwenye tairi, kaptula yake ya pasi na yote. "Nami ni mtu wa Tukuyu, mzee," alisema taratibu. "Kwetu mkamwana akisikia kikohozi cha baba mkwe anaruka ndani ya migomba. Haya nimeyanyonya kwa mama. Lakini nimekuja hapa Jumatano zote hizi, nimepima kina, nimepima upana, nikabaki kushangaa mbona hakuna nzi. Sikuuliza hata siku moja nani anaingia."

Kisha akatoa daftari na penseli. Babu akasimama wima.

"Bwana, usimwandike yeye. Niandike mimi. Mimi ndiye niliyemficha."

Penseli iliendelea kuandika. Bwana Afya alichana ukurasa, akamkabidhi babu, ambaye hakujua kusoma na aliushika kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo ya karantini?"

"Hii ni ya dispensari. Uwape, watakupa vidonge, na wakuambie jinsi ya kuvimeza. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote."

"Na lori?"

"Lori gani?"

"La kubeba wagonjwa."

"Mzee wangu," Bwana Afya alisema, "sina hata lori la kunibebea chokaa." Aliposema hivyo babu akaukunja ukurasa vizuri, akautia mfukoni. "Ila nina sharti moja. Choo hiki kitumike leo, kabla sijapanda baiskeli."

Hapo palikuwa na ugumu, maana si jambo la kuamriwa. Babu alifikiri kidogo. Akaingia chumbani kwake, akatoka na jembe lile alilochimbia. Kwetu jembe ndilo lililobeba maneno mazito, tangu posa hadi mazishi. Akageuzia mgongo nyumba ya mama, akatazama barabarani, akasema na mimi kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima.

"Tabita! Mwambie mama yako hivi. Shimo lile mguu wangu hauujui mlango wake ila kwa kufagia. Nimelichimba kama baba anavyomjengea binti yake. Kuanzia leo ni lake, na lako. Mimi nitakwenda uani kwa Mama Eliya, ambaye si mkwe wangu. Na jembe hili liwe shahidi."

Akaliweka jembe mlangoni mwa choo. Kisha yeye na Bwana Afya wakatoka hadi barabarani, wakawachukua na wanaume wengine waliokuwa wamekwisha kusimama kusikiliza, ili mama apite bila macho ya watu. Mimi na Mama Eliya tulimshika huku na huku. Alipofika kwenye jembe aliinama, akaligusa mpini, akaingia, nasi tukaurudisha mlango. Nilimsikia akilia humo ndani, nikataka kufungua.

"Mwache," Mama Eliya aliniambia, akanivuta. "Huko kulia ni kupumzika."

Babu alikwenda dispensari kwa miguu, akarudi jua limepinda, shati limemgandia mgongoni, vidonge vimefungwa kwenye kona ya kitambaa na kitambaa kimefungwa mkononi. Alinikabidhi kama mtu anayekabidhi yai. Bwana Afya naye hakuondoka. Siku ile alipita ua kwa ua na kioo chake, akipiga magoti, akimulika, akitikisa kichwa. Karibu kila ua wenye baba mkwe na mkamwana ulikuwa na shimo kavu. Wenye vishimo vya paka walicheka sana waliposikia habari za choo cha mfano, mpaka kioo kilipofika kwao.

Kilichofuata hakikuandikwa na serikali. Wazee wenyewe walikaa wakapatana. Baada ya majuma machache, kila asubuhi ungewaona wazee wa mtaa wetu wakipishana njiani, kila mmoja akienda ua wa mwenzake, wakisalimiana kwa adabu zote bila mtu kumwuliza mwingine aendako. Bondeni kukapungua watu, vichaka vikapata kuota tena. Watoto waliacha kufa. Nami niliona aibu ya miezi mingi kila Bwana Afya aliponiona na kuniuliza kama nimemtunzia nyumba yake vizuri. Siku alipomwona nzi wa kwanza ndani ya choo chetu alifurahi kama aliyepata mtoto, kisha akatugombeza kwa kukosa kifuniko.

Mama hakupona kwa siku moja. Vidonge vilianza kwa kumkatia damu, kisha maumivu, na mwisho vikamwacha mweupe na mwepesi, akilala mchana kutwa. Siku zote hizo babu ndiye aliyepika. Alichemsha maji mpaka sufuria zikatoboka. Aliunguza uji, aliunguza maharage, siku moja aliunguza hata chai, na yote tuliyala, yeye akiwa wa kwanza, bila neno, yeye ambaye kabla ya ugonjwa hakuacha kunituma kwa mama kwamba chumvi imezidi au imepungua. Nilikuwa nikimtazama akitafuna, na ule ukimya wake ulinitisha. Nilidhani mtu akiacha kulalamika ni kwa sababu amekata tamaa.

Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda cha mama kitupu. Nilitoka mbio nikiwa nusu uchi. Alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, ameegemea nguzo, anasonga ugali wa ulezi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika goti. Jasho lilimtoka kana kwamba anapanda mlima. Pembeni palikuwa na mboga ya majani ya maboga. Nilitaka kumsaidia, akanikatalia. Alipakua, akafunika, akanipa.

"Mpelekee babu yako. Mwambie nimepika mimi."

Nilimpelekea, nikapiga goti, nikamnawisha. Babu alikata tonge, akachovya, akatia kinywani. Akatafuna polepole, akaacha kutafuna, akatazama bakuli.

"Mwambie mama yako," alisema, "chumvi imezidi."

Nilikimbia. Nilimkuta mama ameinama, ameshika tumbo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, nikapiga kelele nikidhani maumivu yamerudi. Akainua uso. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kaniki, mpaka mimi nami nikacheka nisijue ninachocheka.

"Mwambie babu yako," alisema alipoweza, "kesho nitapunguza."

Nilitoka kumpelekea neno hilo. Alikuwa amelisikia, na tayari alikuwa akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, lakini alinisubiri nifike, nipige goti, niliseme lote.